Bastola ya Baba Yako na Bei Ambayo Hakuna Aliyeilipa

Kwako Yona,

Habari zako zilinikuta soko la Majengo, nimeinama nachagua nyanya. Dada yako Debora alinishika bega kwa nyuma, nami nikageuka nikicheka, maana hatukuwa tumeonana miaka mingi. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Feli, ina maana hukusikia?" Nikajua kabla hajamaliza. Ulikuwa umeshazikwa Kibakwe tangu masika, na mimi niko hapahapa Dodoma nachapa barua za watu, sina habari.

Nyanya nilizinunua. Nikarudi nyumbani, nikapika. Mume wangu alipoona sili, nikamweleza. Baba Neema si mtu wa maneno mengi. Alimalizia chai yake, kisha akasema, "Kama lipo la kumwambia, mwandikie. Hata kama hasomi." Kwa hiyo nakuandikia, tena waziwazi, mwenye kusoma asome. Sidhani kama yaliyotupata yalitupata sisi wawili tu. Miaka ile kila mtu alikuwa na kitu chake anakisubiri kipande bei.

Nakukumbuka siku uliyopunguzwa kazi. Shirika lenu la kununua mazao lilikuwa limepata mwekezaji, na mwekezaji alitaka maghala, hakutaka watunza ghala. Ulikuja ofisini kwetu saa za chakula, umevaa ile suti ya kaunda ya kijivu, umeshika bahasha. Uliniambia, "Feli, nimekuwa mtu huru." Ukacheka. Mimi nikashindwa hata kuigiza kicheko, kwa sababu barua ya posa ilikuwa imeshafika kwa baba yangu Manyoni, ng'ombe mmoja kati ya wanne alikuwa tayari kwenye zizi lake, na mama alikuwa ameshaanza kuwatangazia wanawake wenzake kanisani.

"Tutaoana tu," ulisema. "Si kuna bastola ya mzee?"

Nilidhani unatania. Sikuwa najua kwamba baba yako, ambaye nilimfahamu kama mzee mpole wa Kigogo aliyeniitikia shikamoo yangu kisha akaongeza "mbukwa" kunifundisha salamu ya nyumbani kwenu, aliwahi kuwa askari wa wanyamapori. Mwingereza aliyekuwa bosi wake alipoondoka baada ya Uhuru alimwachia bastola yake, na karatasi zote za halali. Ni zile za zamani sana, zenye tumbo la kuzunguka linalobeba risasi sita. Mzee hakuwahi kumpiga nayo hata kicheche. Kila mwaka alikuwa anavaa koti, anapanda basi kwenda kulipia leseni, anarudi, anaifungia sandukuni. Alipofariki, sheria ikataka ikabidhiwe kituo cha polisi mpaka mrithi akamilishe taratibu. Mrithi ulikuwa wewe.

Ulinipeleka kuiona. Askari wa ghala la silaha akaileta imefungwa kitambaa cha kaki, ina kadi imening'inia kwa uzi, inanukia mafuta. Aliiweka mezani, akasema, "Shika, lakini usimwelekezee shemeji." Ukaishika kwa uangalifu wa mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Mpini ulikuwa wa pembe, una ufa mwembamba upande wa chini. Mkuu wa kituo alikuruhusu uipige picha kwa ajili ya kuiuza, na yule mpiga picha wa studio akaweka ua la plastiki pembeni yake ili ipendeze. Uliliondoa wewe. Nilicheka mpaka askari akaniuliza kama mimi ni mzima.

Tulikuwa na furaha siku ile, Yona. Nataka ujue kwamba hata hiyo naikumbuka.

Yaliyofuata yalianzia kwa mpangaji mwenzako, yule mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anakusomea magazeti. Alikuambia kwamba siku hizi kuna minada kwenye mtandao, wazungu wanauziana vitu vya kale, silaha zikiwemo. Mtandao wenyewe ulikuwa ndio kwanza umeingia mjini. Tulikwenda kwenye kile chumba cha kompyuta barabara ya saba, tukalipia nusu saa, tukabanana kwenye kiti kimoja. Picha ilikuwa inashuka polepole kutoka juu kama mtu anayeteremsha pazia. Kwanza mdomo wa bastola. Kisha tumbo lake. Kisha mpini. Ukanishika mkono ukaniumiza.

"Ni kama ya mzee. Angalia, ni kama ya mzee kabisa."

Chini yake ikatokea bei. Ulizigeuza dola kuwa shilingi kwa kalamu kwenye kiganja chako, ukarudia tena kwa sababu hukuamini. Kisha ukanong'ona, kama kwamba wale wanafunzi waliokuwa wanasoma barua pepe zao wangetuibia, "Feli, hii ni nyumba. Hii ni nyumba nzima Area C, kule kwa wakubwa, na gari uani."

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali, na wewe ulikuwa unatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Ulininunulia zabibu kilo nzima. Tulizila njiani bila kuziosha.

Ukawa unakwenda kule kila wiki. Mwanzoni tulikwenda pamoja, baadaye ukawa unakwenda peke yako kwa sababu mimi nilikuwa na kazi, hasa Bunge likikaa, maana vikao vikianza sisi wachapaji tulikuwa hatujui jua limezama saa ngapi. Unanisubiri getini na habari. Imepanda. Imepanda tena. Kuna bwana wa Marekani ameongeza dau, kuna mwingine amempiku. Ulikuwa unawataja kwa majina yao ya mtandaoni kama watu unaokunywa nao chai. Mimi nilikuwa naitikia, kwa sababu uso wako ulikuwa umerudi. Tangu upunguzwe kazi ulikuwa umesinyaa, Yona. Watu wa mtaani walikuwa wameacha kukuita "bosi". Ile bei ilikurudishia mabega yako. Ningewezaje kuipinga?

Lakini yule bwana wa Morogoro alipokuja, nilisema.

Unamkumbuka. Mzee mmoja mwenye shamba la mkonge, mkusanyaji wa silaha za kale, mwenye leseni zake zote kwenye mkoba wa ngozi. Alikuwa amesikia habari za bastola kutoka kwa mkuu wa kituo. Alikwenda kuiona, kisha akatualika chakula cha mchana. Aliagiza kuku, akala mlenda wetu kwa heshima, akataja bei. Haikuwa ya Area C. Ilikuwa ya kutosha kupeleka ng'ombe watatu Manyoni, kufunga ndoa, na kuanza kujenga vyumba viwili kwenye kile kiwanja chako cha Mkonze. Fedha alikuwa nazo pale pale, na taratibu za polisi alisema atazishughulikia mwenyewe.

Ulitabasamu. Ukatoa mfukoni karatasi uliyochapisha kutoka mtandaoni, ukaifungua mbele yake.

Mzee aliisoma. Akasema, "Kijana wangu, hii ni bei inayotajwa. Mimi nakuambia bei ninayolipa."

"Basi tutakuwa tumepoteza muda wako, mzee," ukamjibu.

Alinawa mikono, akatuaga vizuri. Tulipobaki wawili nikakwambia, "Yona, muuzie. Mimi sitaki Area C. Mkonze inanitosha." Ukanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayemtazama mtoto aliyeomba pipi badala ya kuomba duka. Ulisema, "Anataka kutula hivihivi, Feli. Huoni? Angekuwa hajui thamani yake asingefunga safari." Sikuwa na namba ya kukuonyesha. Wewe ulikuwa nayo, imechapishwa.

Miezi ikapita. Kiinua mgongo chako kikawa kinakwisha kwa nauli za Dar es Salaam, kwa sababu ilikuwa lazima upate kibali cha kusafirisha silaha nje, na kila ofisi ilikuwa inakuelekeza ofisi nyingine. Unakwenda na basi la asubuhi, unarudi baada ya siku kadhaa, umekonda, una fomu mpya. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Wengi wao hawakuwahi kuona ombi kama lile. Karani mmoja alikuuliza kwa nia njema kabisa, "Lakini mnunuzi wako ni nani hasa?" Ulinisimulia kwa hasira, kama kwamba amekutukana. Mimi swali lile liliniingia, likakaa.

Hapo ndipo baba yangu alipopanda treni kutoka Manyoni. Alifika kwangu na kikapu cha asali, akaoga, akala, akasema anataka kukuona. Ulikuja umechomekea shati. Ukamwamkia kwa magoti nusu, naye akakuitikia vizuri. Alikupenda, Yona. Nakuapia alikupenda.

"Mwanangu," akakuambia, "mimi mtu akiniuliza binti yako anaolewa lini, nasema karibuni. Sasa hilo karibuni limezeeka."

Ukamweleza. Ulimweleza vizuri sana, habari za mtandao, za mnada, za wale mabwana wanaopandishiana dau. Ulimwambia ukiuza, hutampelekea ng'ombe watatu bali kumi, na utamwezekea nyumba yake bati jipya. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa reli, alikuwa amezoea kusikiliza maelezo ya kwa nini treni imechelewa.

Kisha akasema, "Mimi niliomba ng'ombe wanne. Sikuomba dola. Hao watatu waliobaki, lete mmoja. Mbuzi akiwepo, lete mbuzi. Muoane. Wengine utaleta ukipata."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nilikutazama. Nilikuwa nimeshavaa gauni la harusi akilini mwangu kabla hujafungua mdomo.

"Baba," ulisema, "nipe miezi mitatu. Sitaki Feli aolewe kimaskini."

Aligeuka kunitazama mimi, na nikaona amechoka. Kesho yake nilimsindikiza stesheni. Hakusema neno lolote juu yako mpaka treni ilipoanza kusogea. Ndipo akanishika mkono dirishani, akasema, "Mama, usizeeke." Ndivyo alivyokuwa akiniita, mama, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake.

Sikuondoka upesi. Miezi mitatu ikawa minane. Nilikuwa najiambia kwamba mtu hamwachi mwenzake akiwa ameanguka. Lakini ulikuwa hunioni tena. Ukija, unazungumza na ile bei kupitia kwangu. Siku niliyopata homa ulikaa pembeni ya kitanda changu, ukaniwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, mkono wako mpole vilevile, na mdomo wako ukawa unahesabu dola. Nililia. Ukadhani ni homa.

Daudi, ambaye sasa ni Baba Neema, alikuwa fundi umeme wa ofisini kwetu. Hakunitongoza. Aliniuliza tu kama bado nina mchumba, na nilipochelewa kujibu, akasema atasubiri wiki moja nimpe jibu, kwa kuwa zaidi ya hapo ataumia. Wiki moja, Yona. Nilikuwa sijasikia mtu akitaja muda mfupi namna hiyo kwa muda mrefu sana.

Nilikufuata Mkonze kukuambia. Ulikuwa kiwanjani kwako, unang'oa magugu kwenye ardhi isiyo na hata msingi. Nilizungumza nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Ulinisikiliza. Ukaweka jembe chini. Nilitegemea ungenipigia kelele, au ungenionyesha karatasi nyingine yenye bei mpya. Badala yake ulisema kwa sauti ndogo, "Ni ileile, Feli."

"Ipi?"

"Bastola ya kwenye mtandao. Kila mwezi inauzwa, kila mwezi inarudi. Ina mkwaruzo karibu na tumbo, nimeuona. Ni moja hiyohiyo. Na wanaopandisha dau ni wawili walewale. Wanaipandisha wao kwa wao ili mwenye kutaka ya namna hiyo aone ndiyo bei. Hakuna aliyelipa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulipa."

Nilikumbuka Jumamosi tulizokwenda mnada wa ng'ombe kula nyama. Ulikuwa unaninong'oneza, "Yule anayejifanya mteja ni shemeji yake mwenye ng'ombe, tazama." Ulikuwa unawajua wote. Umekulia minadani ukichunga nyuma ya baba yako. Mtu kama wewe!

Nikakuuliza umejua tangu lini.

"Tangu kabla baba yako hajaja."

Ulikuwa umejua wakati anakuambia ulete mbuzi. Ulikuwa umejua na bado ukaomba miezi mitatu.

"Sasa kwa nini, Yona?"

Ulifuta mikono kwenye suruali. "Nilishamfukuza yule mzee wa Morogoro. Nilishamaliza hela. Nilishamwahidi baba yako bati. Ningerudi kwako nikiwa na nini? Nikawa naomba Mungu niwe nimekosea kuona. Kila wiki nakwenda kuangalia labda kuna mmoja wa kweli."

Nilikukasirikia miaka mingi kwa maneno yale. Leo siwezi tena. Nakuona kwenye kile kiti cha chumba cha kompyuta, peke yako, umelipia nusu saa kwa pesa ambayo ingekununulia chakula, unasubiri picha iteremke, unatafuta mkwaruzo huku ukiomba usiuone. Laiti ungenipeleka na mimi nikaone. Ningeuona, ningekushika mkono, tungekwenda kutafuta mbuzi. Hilo tu. Sioni kama lilikuwa jambo kubwa, na ndiyo sababu linaniuma mpaka leo.

Baada ya mimi kuolewa, Debora aliniambia uliandika barua ya kuisalimisha bastola kwa serikali, ukauza kiwanja cha Mkonze, ukarudi Kibakwe kulima. Mzee wa Morogoro ulikuwa umemtafuta kwanza. Alikuwa ameshafariki, na wanawe walikuwa wanauza vya kwake. Basi. Sikusikia zaidi, na wala sikuuliza, kwa heshima ya nyumba yangu.

Mwezi uliopita Debora alinipeleka Kibakwe. Baba Neema alinipa nauli na blanketi la kumpelekea mkeo, akisema huko milimani kuna baridi. Anjelina alitupokea vizuri. Aliniamkia shikamoo, kumbe nimemzidi umri kidogo tu. Debora alinitambulisha kama rafiki wa zamani wa familia, na Anjelina akatosheka na hilo. Watoto wako wawili wa kwanza wana macho yako. Yule mdogo wa kike ana kicheko chako chote.

Tulikwenda kaburini, tukang'oa majani, tukaweka maua. Kisha tukakaa kwenye majabali tukitazama mashamba ya vitunguu kule bondeni, na Anjelina akaanza kusimulia habari zako, kama wajane wanavyofanya, anacheka na kulia.

"Alikuwa mtu mzuri sana, dada, ila biashara hakuijua," alisema. "Lori la wanunuzi likifika tu, yeye anauza. Bei ya kwanza! Wenzake wote wanasubiri ipande, yeye keshauza, keshalipa ada za watoto. Madereva walikuwa wanamjua, wanaanzia kwake. Nilikuwa namgombeza, 'Baba Subira, ngoja hata wiki moja!' Ananijibu, 'Huyu amekuja na hela mkononi. Huyo mwingine yuko wapi?' Majirani walikuwa wanamcheka."

Debora aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama bondeni. Nilifurahi kwa ajili ya mkeo, Yona, nilifurahi kweli, na furaha yenyewe ilikuwa inachoma. Ulikuwa umepona. Ulipona mbali na mimi.

Anjelina alipangusa uso kwa khanga yake, akanigeukia. "Na wewe, dada, ulimfahamuje?"

"Zamani, mjini," nikasema. "Kuna kitu tulikuwa tunakisubiri pamoja."

"Mlikipata?"

"Hapana," nikamwambia. "Hakikuwepo."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishika mkono, tukateremka kwenda kuwapikia watoto.

Pumzika, Yona. Nimekuaga.

Aliyekuwa mchumba wako,
Feli